Ganzi iliyopakwa mara mbili: kisa cha mwalimu aliyekuja kutibiwa makovu ya chunusi

Mgonjwa ninayemweleza hapa ni mwalimu wa sekondari mwenye umri wa miaka 28 na uzito wa kilo 52, mkazi wa Dar es Salaam, ambaye chunusi zilimwandama tangu kidato cha pili hadi chuoni, na zilipokwisha zikamwachia makovu mashavuni na kwenye mataya. Nimebadili mambo machache yanayoweza kumtambulisha, na yeye mwenyewe ameridhia kisa kiandikwe. Mimi ni muuguzi, na ndimi niliyekuwa zamu siku mambo yalipoharibika; kwa hiyo msomaji asitarajie niandike kama mtu aliyesimama pembeni.

Makovu yake hayakuwa ya aina moja. Shavu la kushoto lilikuwa na mabonde mapana yenye kingo laini, yale ambayo mwanga wa dirishani ukiyapiga kwa ubavu hutupa kivuli. Kwenye mataya kulikuwa na vishimo vyenye kingo kali. Na karibu na pembe ya mdomo palikuwa na vitundu viwili vyembamba vilivyozama, kama vimetobolewa kwa sindano ya cherehani. Mabonde na vishimo visivyo na kina kirefu hunufaika na leza. Vitundu vyembamba hukaidi. Kwa kipimo cha rangi ya ngozi kilichobuniwa na daktari Fitzpatrick mwaka 1975, ngozi yake iko daraja la tano, maana yake haiungui jua kwa urahisi lakini ikichokozwa kwa moto au mkwaruzo hujibu kwa kuacha weusi unaoweza kukaa miezi mingi.

Leza iliyokusudiwa ni ile ya kabonidioksidi inayopiga kwa nukta. Mwale wake una urefu wa wimbi wa nanomita 10,600, na kinachoupokea ni maji yaliyomo ndani ya ngozi, wala si rangi yake. Kila nukta huyachemsha maji hayo ghafla na kuacha kijishimo chembamba, huku ngozi inayozunguka nukta ikiachwa nzima ili iwe chanzo cha uponaji. Njia hii ya kupiga kwa nukta badala ya kuchuna uso wote ilielezwa kitaalamu mwaka 2004, na ndiyo iliyofungua mlango wa kuwatibu watu wengi zaidi wenye ngozi nyeusi. Maumivu yake yanaeleweka kwa mtu yeyote aliyewahi kusimama karibu na karai la maandazi mafuta yakamrukia, isipokuwa hapa matone ni mamia na yanaangukia eneo dogo kama kiganja cha mtoto. Hayako sawa usoni pote. Shavuni penye nyama huvumilika, juu ya mfupa wa taya huzidi, na juu ya mdomo wa juu ndipo watu wazima hutoa machozi bila kutaka.

Mwezi Novemba mwalimu huyu alifanyiwa safari ya kwanza ya matibabu ya leza katika kliniki nyingine ambayo sitaitaja. Kwa maelezo yake, na kwa karatasi ya matibabu aliyotuletea, alipakwa krimu ya ganzi yenye mchanganyiko wa lidokaini na prilokaini, kila moja asilimia 2.5, ikakaa usoni dakika 20 bila kufunikwa, kisha akaitwa kwa sababu foleni ya wagonjwa ilikuwa ndefu. Krimu ya namna hiyo, kwenye ngozi nzima, huhitaji takriban dakika 60 chini ya kifuniko ili ifike chini vya kutosha. Kwa dakika 20 ngozi ya juu hupata ubaridi na mgonjwa akiguswa kwa kidole husema haisikii sana. Basi mhudumu huamini kazi imekwisha, ilhali nukta za leza zinakwenda kina ambacho dawa haijafika. Shavu la kushoto alilimaliza akiwa ameng'ata leso. Ilipofika juu ya mdomo akavuta kichwa pembeni. Aliyeshika mashine akamwambia, kwa sauti ya upole, kwamba ukitaka uzuri sharti udhurike.

Methali hiyo nimeikuta mara nyingi katika vyumba vya urembo, na kwa msusi anayevuta nywele naweza kuivumilia. Chumba cha leza si mahali pake. Mgonjwa akivuta kichwa, mwale huangukia pasipokusudiwa, au huangukia mara mbili palepale, na ngozi ya daraja la tano haisamehe moto uliorundikana. Ndivyo ilivyokuwa. Kazi ilisimamishwa shavu la kulia likiwa nusu, na wiki tatu baadaye palijitokeza mstari mweusi mfupi upande wa kulia wa mdomo, pale alipovuta. Mwalimu alipewa cheti cha kurudi baada ya wiki nane, na alipouliza kama safari ijayo itauma vilevile, alijibiwa kwamba mtu huzoea.

Hapo ndipo ninapoliona tatizo likianza, miezi mitatu kabla halijaonekana kwetu. Kwa kuambiwa azoee, alikabidhiwa maumivu yawe mzigo wake, naye akaubeba kama mtu mzima anavyobeba mzigo wake, akatafuta dawa mwenyewe.

Aliipata kwa muuzaji wa mtandaoni: tyubu ndogo ya gramu 30, maandishi ya kigeni, asilimia 10 ya lidokaini kwa mujibu wa kibandiko, bila namba ya usajili ya mamlaka yoyote. Maelekezo aliyotumiwa kwa sauti ya simu yalikuwa apake nene, afunike kwa nailoni ya kufunikia chakula, akae nayo kadiri anavyoweza. Usiku wa kuamkia miadi yake ya kwanza kwetu, katikati ya Februari, alijisugua uso kwa dodoki ili dawa ipenye vizuri. Asubuhi saa moja na nusu akapaka uso mzima na shingo, akatumia kama theluthi mbili ya tyubu, akafunika nailoni, akavaa barakoa na mtandio juu yake, akapanda bajaji kutoka Mbagala. Foleni ilikuwa ya kawaida ya jiji hili, na joto la Februari kila mwenyeji analijua. Alifika kwetu saa nne kamili akiwa anatiririka jasho, akaingia msalani, akabandua nailoni na kufuta kilichobaki kwa karatasi.

Nilimpokea mimi. Nilimjazisha fomu, ambayo iliuliza kama ana mzio wa dawa, kama ana mimba, kama ana historia ya kifafa au ugonjwa wa moyo, kama ametumia vidonge vya chunusi karibuni. Majibu yote yalikuwa hapana, na yote yalikuwa ya kweli. Niliona uso wake umepauka kama uliopakwa majivu mepesi, nikadhani ni krimu ya kukinga jua. Leo najua kwamba dawa hizi hubana mishipa midogo ya damu na kuifanya ngozi ififie, na kwamba kwenye ngozi nyeusi ufifiaji huo huonekana hivyo hasa, kijivu, wala si nyeupe. Saa nne na dakika kumi nikampaka krimu yetu, ileile ya asilimia 2.5 kwa 2.5, nikamfunika vizuri, nikamwambia apumzike saa nzima. Nilijivunia kwamba sisi tunasubiri dakika zote.

Saa nne na nusu akaniita. "Sista, hii dawa yenu ina ladha ya sarafu." Nikacheka kidogo, nikamuuliza kama imemwingia mdomoni. Akasema hapana, ila ulimi umekuwa mzito na kwenye masikio anasikia kama mtu anapiga zeze mbali. Maneno yake yalikuwa yanaburuta, kama ya mtu aliyeamshwa usingizini. Nilipomshika mkono, vidole vilikuwa vinatetemeka kwa mtetemo mdogo sana ambao nisingeuona kwa macho.

Ganzi ya midomo na ulimi, ladha ya chuma, masikio kuvuma, ulimi kuteleza, misuli kuchezacheza: hizo ni dalili za mwanzo za lidokaini iliyozidi kwenye damu, na zikiachwa zinaweza kufuatiwa na degedege, kuzimia, moyo kwenda mrama na kusimama. Nilimwita daktari, huku nikiifuta krimu kwa shashi zilizoloweshwa maji ya chumvi, uso mzima na shingo, mara mbili. Ni wakati huo tu, nikiifuta shingo ambayo mimi sikuipaka, nilipoona mabaki makavu yenye harufu nyingine, nikauliza, "Mwalimu, nyumbani umepaka nini?"

Akanitazama, akaanza kulia. Alisema aliogopa tukimjua tutamrudisha.

Tulimlaza, tukamwekea kanula na oksijeni, tukafunga vipimo vya mapigo na shinikizo la damu, na daktari akapiga simu hospitali ya rufaa kabla dalili hazijaongezeka, jambo ambalo bado nalihesabu kuwa uamuzi bora kuliko yote ya siku ile. Kwa sababu krimu yetu ilikuwa na prilokaini, ambayo ikizidi huweza kuibadili hemoglobini, ile protini nyekundu ya damu, isibebe oksijeni ipasavyo, tuliendelea kuangalia rangi ya midomo na kucha zake, tukijua kwamba kile kifaa cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni hudanganya katika hali hiyo. Hatukuwa na yale mafuta maalumu ya asilimia 20 yanayodungwa mshipani, ambayo ndiyo dawa ya kukimbilia sumu ya ganzi inapofika moyoni au ubongoni. Kwa mtu wa kilo 52, kipimo cha kuanzia cha mililita 1.5 kwa kila kilo ni mililita 78, chupa moja tu. Hatukuwa nayo hata moja. Haikuhitajika. Ulimi ulianza kurejea kabla gari halijafika, hospitalini kipimo cha umeme wa moyo kilikuwa safi, na jioni alirudi nyumbani akiwa na dadake.

Baada ya siku ile nilikaa na karatasi na kalamu. Asilimia 10 maana yake ni miligramu 100 za lidokaini ndani ya kila gramu ya krimu. Alitumia takriban gramu 20, yaani miligramu 2,000, kama kibandiko kilisema kweli. Kiwango cha juu cha lidokaini isiyo na adrenalini kwa sindano ni miligramu 4.5 kwa kila kilo ya mwili, ambayo kwake ni miligramu 234. Ni kweli kwamba kilichopakwa si kilichodungwa, na kwenye ngozi nzima, kwa muda wa kawaida, sehemu ndogo tu ya dawa hupenya hadi kwenye damu. Lakini hapa ingetosha asilimia 12 tu ya alichopaka ipenye ili afikie ukingo huo, na karibu kila jambo alilolifanya lilisaidia upenyaji: ngozi ya uso ni nyembamba na ina damu nyingi, dodoki lilikuwa limekwangua tabaka la juu, nailoni ilizuia dawa kukauka, joto la bajaji lilifungua mishipa, na muda ulikuwa saa mbili na nusu. Juu ya hayo yote nikaja mimi na kopo langu.

Hatari hii haikugunduliwa Dar es Salaam. Mwezi Februari 2007 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo kwa umma kufuatia vifo vya wanawake wawili, mmoja wa miaka 22 na mwingine wa miaka 25, waliopaka krimu kali za ganzi miguuni kabla ya kuondolewa nywele kwa leza. Wote wawili walikuwa wamefunga miguu kwa nailoni, wakapata degedege, wakazimia na hatimaye kufariki. Mwezi Machi 2024 mamlaka hiyo hiyo ilirudi kuwaonya watu kuhusu krimu za ganzi zinazouzwa bila cheti cha daktari zikiwa na lidokaini zaidi ya asilimia 4, ikitaja hasa zile zinazonadiwa kwa ajili ya kuchora tatuu, kutoboa mwili na kuondoa nywele, na ikakataza kuzipaka eneo kubwa au kuzifunika kwa nailoni. Hapa kwetu tyubu ile, kwa kukosa usajili, ilipaswa kufikishwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na tuliijazia fomu ya madhara ya dawa.

Ingekuwa rahisi kuliweka kosa lote kwa muuzaji wa mtandaoni, na wenzangu wawili walitaka taarifa yetu ya ndani iandikwe hivyo. Sikukubali. Muuzaji alipata mteja kwa sababu kliniki ya kwanza iliokoa dakika 40. Mgonjwa alificha kwa sababu amezoea, kama wengi wetu tulivyozoea tangu zahanati za utotoni, kwamba kumweleza mhudumu ulichojitibia nyumbani ni kujitafutia kukaripiwa. Nami nilipaka bila kuuliza, kwa sababu fomu haikuwa na swali hilo na mimi sikuwa na mazoea ya kuuliza nje ya fomu. Siku hizi swali la kwanza tunaloliuliza, kabla hata ya jina la dawa yenye mzio, ni kitu gani kimegusa uso huu tangu jana asubuhi, na tunaliuliza kwa namna inayochukulia kwamba kipo kitu.

Alirudi katikati ya Mei. Sikutarajia arudi. Tulikaa naye nusu saa kabla ya kugusa chochote, na daktari alimweleza kwamba ganzi ya safari hii itapangwa kama dawa nyingine yoyote, kwa gramu na kwa saa, na kwamba haitakuwa kamili. Neno hilo la mwisho lilimshtua, ikabidi lifafanuliwe. Tulipunguza msongamano wa nukta hadi asilimia 5 ya eneo kwa kila pasi, yaani kila mwale unapopitishwa mara moja juu ya eneo, kwanza kwa ajili ya kuzuia weusi. Lakini moto mchache ni maumivu machache pia, na ni ajabu jinsi wahudumu wanavyokimbilia kuongeza ganzi kabla ya kufikiria kupunguza moto. Tulipima gramu 8 za krimu kwa mizani ndogo, kwa mashavu na mataya peke yake, dakika 60 chini ya kifuniko, ndani ya chumba chenye kiyoyozi, mbali na macho kwa sababu krimu hiyo ina ukali wa magadi unaoweza kuunguza mboni. Kwa pande za pua, mdomo na kidevu daktari alidunga lidokaini ya asilimia 2 karibu na mishipa ya fahamu inayotokea chini ya jicho na kwenye kidevu, mililita moja kila mahali, pande zote mbili: mililita nne, miligramu 80. Hesabu hiyo iliandikwa kwenye karatasi ileile yenye gramu za krimu, kwa sababu damu haijui kipi kilipakwa na kipi kilidungwa.

Kabla ya kuwasha mashine nilifuta krimu yote na kuikausha ngozi, shavu moja baada ya jingine, maana mwale unaotafuta maji hupotea kwenye ngozi iliyolowa, na spiriti haitumiki karibu na leza hii kwa kuogopa moto. Mashine ya kupuliza hewa baridi nikaishika mimi. Tulikubaliana kwamba atataja namba kati ya sifuri na kumi kila tunapomaliza eneo, na akiinua mkono wa kushoto tunasimama bila kuuliza.

Shavu la kulia alisema tatu. Shavu la kushoto tatu, kisha nne. Kwenye taya la kushoto akainua mkono. "Hapa panawaka kuliko kwingine, na hapajapoa." Daktari aliinama na lenzi, akakuta pasi mbili zimepandana kwa upana wa kama nusu sentimita, ngozi imeanza kuwa na rangi ya kijivu kizito. Tukaliacha eneo hilo, tukaliwekea baridi dakika kumi, na halikutibiwa tena siku hiyo. Kama angekuwa hasikii chochote kabisa, pasi ya tatu ingepita palepale, kwa sababu sisi wawili tulikuwa tunatazama mbele mashine inakokwenda, na yeye peke yake ndiye aliyekuwa na habari za mahali ilikotoka. Hiyo ndiyo maana ya daktari kusema kwamba ganzi haitakuwa kamili, na sikuwahi kuiona ikijieleza waziwazi kiasi hicho.

Namba ya juu kabisa aliyoitaja ilikuwa tano. Novemba, alipoulizwa kwa kurudi nyuma, aliipa tisa. Nilimkataza chai ya moto hadi mdomo urudiwe na hisia, kwa kuwa aliyedungwa ganzi huunguza ulimi na kung'ata shavu bila kujua, naye akasema hilo lilikuwa gumu kuliko leza.

Wiki kumi baadaye mabonde ya shavu la kushoto yalikuwa yamepungua kina, kiasi cha kuhitaji kumsogeza dirishani ili kuyaona. Vishimo vya taya vimelainika kingo lakini vipo. Mahali pale pa nusu sentimita pana weusi mwepesi unaoendelea kufifia kwa krimu ya kukinga jua na subira. Mstari wa Novemba bado unaonekana. Vile vitundu viwili vya pembe ya mdomo daktari alipendekeza vishughulikiwe kwa njia nyingine isiyo leza, tukamweleza ganzi yake ingekuwaje, sindano ngapi na wapi. Alisikiliza hadi mwisho, akajitazama kwenye kioo cha mkononi, akasema hivyo viwili atabaki navyo.